Barua ya wazi kwa Seneti: msiufute mtihani wa nyumbani, utungeni upya

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Seneti ya Chuo
Nakala: Idara ya Elimu, Kurugenzi ya Shahada za Juu, walimu wenzangu tunaosoma Uzamili wa Elimu

Waheshimiwa,

 

Ninawaandikia kama mwalimu wa sekondari ya serikali na mwanafunzi wenu wa Uzamili wa Elimu. Jina la chuo silitaji hadharani, kwa kuwa walimu wanaosoma kwingine nao wamenieleza mambo yanayofanana na haya, na nisingependa watu wadhani ni ugonjwa wa nyumba moja.

Idara imewaletea pendekezo la kuufuta mtihani jumuishi wa nyumbani, ule tunaoufanya tukishamaliza kozi zote na kabla ya kuruhusiwa kuanza tasnifu. Mkilipitisha, kuanzia mwaka ujao tutarudi ukumbini: saa tatu, kalamu, karatasi na msimamizi. Sababu iliyotolewa ni akili unde. Inasemwa kwamba mtahiniwa akiwa kwake anaweza kuiachia ChatGPT kazi yote, na mwishowe chuo kikamtunuku shahada mtu asiyejua kitu.

Hofu hiyo siidharau. Mimi mwenyewe ni mwalimu, nasahihisha kazi za wanafunzi kila wiki, na najua inavyouma kusoma kurasa nne nzuri ambazo aliyeziwasilisha hawezi kuzieleza. Lakini mnakaribia kukitupa kipengele bora kuliko vyote katika programu hii na kuyaacha makosa yaleyale yaliyotufikisha hapa. Mtihani huu una kasoro, tena kubwa. Karibu zote zimo katika namna unavyotungwa, unavyoendeshwa na unavyosahihishwa. Kufanyiwa nyumbani si kasoro. Naomba nizitaje moja baada ya nyingine.

1. Maswali yenu ni ya ukumbini, mmeyatuma nyumbani.

Itazameni karatasi iliyopita. Swali moja lilitaka tueleze nadharia kuu za ujifunzaji na umuhimu wake kwa mwalimu. Jingine lilitaka hatua za kuandaa mtaala kwa mujibu wa Ralph Tyler. Hoja za Tyler zimo katika kitabu chake cha mwaka 1949, zimo katika noti zetu za muhula wa kwanza, na zimo katika slaidi za mhadhiri aliyetunga swali. Mtu aliyekaa na vitabu vyote mezani akiulizwa jambo hilo, anapimwa nini hasa? Anapimwa wepesi wa kunakili kwa maneno mengine. Na hakuna kazi ambayo akili unde inaimudu vizuri kuliko hiyo. Maswali haya yalikuwa dhaifu tangu kabla ya Novemba 2022, ChatGPT ilipotoka. Kilichotokea ni kwamba udhaifu wake sasa unaonekana na kila mtu.

Ngoja niwaoneshe swali ambalo ningefurahi kuulizwa. Chukua andalio la somo ulilofundisha muhula huu na madaftari matano ya wanafunzi waliokuwamo darasani. Onesha mahali walipoelewa tofauti na ulivyokusudia. Lieleze jambo hilo kwa kutumia nadharia ya ujifunzaji ya Vygotsky, au mpinge Vygotsky kwa ushahidi wa madaftari hayo. Ambatisha nakala.

Mwalimu wa Biolojia akipewa swali hilo hana pa kujificha. Analo daftari la mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili na sasa anatakiwa kujibu kwa Kiingereza. Fasili ya usanisinuru ameinakili ubaoni bila kukosea hata herufi moja, na mwalimu ameipigia tiki. Mwiteni mtoto huyo pembeni, mwambieni aeleze kwa Kiswahili mti unapata wapi chakula chake, naye atawajibu bila wasiwasi kwamba unakitoa ardhini kupitia mizizi. Fasili iko sahihi na uelewa haupo. Hapo ndipo tatizo kubwa la elimu yetu lilipo, limeandikwa kwa kalamu ya bluu chini ya tiki nyekundu, na mwalimu anayesoma uzamili anapaswa kulichambua hadi alimalize: lugha imechangia nini, darasa la watoto zaidi ya 80 limechangia nini, tiki yake mwenyewe imechangia nini. Mashine hailijui daftari hilo. Na ukumbini, mwalimu huyo hatakuwa nalo.

Wajumbe wengi wa Seneti hii mlitufundisha Elimu ya Kujitegemea. Katika waraka wake wa mwaka 1967 wenye jina hilo, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa muda uliopangwa, na si kila mara inafaulu kupima uwezo wa kufikiri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likajaribu kuuondoa mtihani kwenye kiti chake cha enzi. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ukaja na msisitizo wa umahiri. Tumeyasoma yote hayo katika kozi zenu, tumeyaandikia insha, na mkatupa alama nzuri. Sasa mnapendekeza kwamba watu wanaotarajiwa kuusimamia mtaala wa umahiri wapimwe kwa kukaa saa tatu wakiandika walichokariri. Mtatushawishije kwamba mnaamini mnachofundisha?

2. Saa 72 zimepangwa kana kwamba mtahiniwa hana kazi.

Maswali hutumwa Ijumaa saa 12 jioni na majibu yanatakiwa Jumatatu saa 12 jioni. Ni maswali manne, kila moja maneno 2,500, yaani maneno 10,000. Toeni usingizi wa saa saba kwa kila usiku, zinabaki saa 51. Jumatatu mwalimu yuko shuleni tangu saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri, zinabaki 43. Katika hizo ale, apike, aende ibadani, amwangalie mtoto, kisha asome, afikiri na aandike maneno 10,000 yenye rejea kamili. Wengi tunaandika kwa kompyuta za kuazima, au kwa vishikwambi vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu. Bando tunanunua wenyewe.

Mtihani uliobanwa hivi ndio unaomsukuma mtu kwenye njia ya mkato. Usiku wa Jumapili, amebakiwa na swali zima na umeme umekatika, hata mwalimu mwadilifu anaanza kuitazama simu yake kwa macho mengine. Nasema haya bila kumtetea anayedanganya. Nasema kwamba ratiba ni sehemu ya mtihani, na aliyeitunga ratiba hii hakumfikiria mtu anayeufanya.

Kuna pia suala la mtandao. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima. Ilikuwa Jumapili. Mwongozo wenu hausemi lolote kuhusu mtahiniwa ambaye siku ya kuwasilisha inamkuta katika hali kama ile, ila unasema kwamba kazi iliyochelewa haitapokewa. Na nywila ya maktaba ya kidijitali hufanya kazi tu ukiwa umeunganishwa na mtandao wa chuo, wakati mtihani wenyewe ni wa nyumbani. Aliyeko wilayani Newala anazisomaje makala mnazomtaka azitaje?

3. Programu zenu za kukamata udanganyifu zinamwonea anayeandika Kiingereza cha darasani.

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Jiografia wa mkoa wa Kigoma, aliandikiwa barua kwamba kazi yake imeonekana kuwa ya mashine kwa kiwango kikubwa. Ninaifahamu kazi hiyo. Tulijadiliana naye muhtasari wake kwa simu, na sehemu ya pili inahusu kijiji anachofundisha, hadi jina la kijito ambacho wanafunzi wake walikipima kina kwa fimbo na kamba. Kosa lake ni kwamba anaandika Kiingereza alichojifunza vitabuni: sentensi fupi, zilizonyooka, maneno yaleyale yakirudiwa kwa sababu hana anasa ya maneno mengi. Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Programu ikaona unyoofu huo, ikatoa asilimia, na Idara ikaichukua asilimia hiyo kama ushahidi. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza swali hata moja.

Waheshimiwa, jambo hili lina utafiti, na mngetutaka tuutaje kama ungekuwa katika kozi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 zilizoandikwa na watahiniwa wa TOEFL, yaani watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo, ambazo ziliandikwa na binadamu, zilitajwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani hazikupata shida hiyo. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kigunduzi chake yenyewe Januari 2023 ikakiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwezi uliofuata, Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima kigunduzi walichokuwa wakitumia.

Walioitengeneza mashine wameshindwa kutambua maandishi yake kwa uhakika. Sisi tunamwita mwalimu mwizi kwa kutegemea programu ya namna hiyohiyo. Sioni neno la upole la kuliita jambo hili. Ni dhuluma, na inawaangukia zaidi waliosoma shule za kata, ambao hawakupata Kiingereza cha nyumbani.

Asilimia ya ulinganifu nayo mnaitumia vibaya. Inahesabu maneno yanayofanana na maandishi mengine, yakiwemo majina ya vitabu, nukuu zilizofungwa vizuri kwa alama zake, na hata swali lenyewe tulilolinakili juu ya jibu kama mlivyoelekeza. Nambari hiyo inamwambia msahihishaji mahali pa kwenda kuangalia. Haimwambii alichokikuta, na haiwezi kukaa mahali pa macho yake.

4. Ukumbi utamzuia mwalimu wa mbali kabla ya kumzuia mdanganyifu.

Udanganyifu haukuzaliwa na intaneti. Waliokuwa wakifanyiwa mitihani na mamluki walifanyiwa ukumbini, na ndugu zetu wanaoandikiwa tasnifu kwenye vibanda vya steshenari karibu na vyuo wataendelea kuandikiwa, kwa kuwa hata mkiurudisha mtihani ukumbini tasnifu yenyewe bado inaandikiwa nyumbani. Kwa upande mwingine, mwalimu wa Kibondo ataomba ruhusa kwa mkuu wa shule, atatafuta mtu wa kumshikia vipindi, atalipa nauli na nyumba ya wageni. Mama anayenyonyesha atamwacha mtoto nje ya mlango na msaidizi. Yote hayo ili aandike kwa mkono, kwa haraka, mambo ambayo katika kazi yake ya kila siku hakuna atakayemtaka ayaandike kwa haraka.

5. Matokeo yanakuja bila maelezo.

Tunapata neno moja: amefaulu au hajafaulu. Aliyefeli anarudia bila kujua alipokosea. Mwalimu wa shule ya msingi akirudisha madaftari bila maoni, mthibiti ubora anamwandika. Chuo kinachofundisha walimu kisifanye jambo ambalo mwalimu wa darasa la tatu angeulizwa kwa nini amelifanya.

Baada ya malalamiko hayo, nawaombeni mambo yafuatayo.

Kwanza, mtihani wa nyumbani ubaki, maswali yatungwe upya yakitegemea shule anayofundisha mtahiniwa: kazi za wanafunzi wake, maandalio yake, azimio lake la kazi, kumbukumbu za vikao, hali halisi ya utekelezaji wa mtaala ulioanza Januari 2024. Yawe maswali mawili badala ya manne, jumla ya maneno 6,000, na muda uwe siku 14. Siku 14 zinampa mwalimu nafasi ya kurudi darasani na kujaribu anachokiandika. Maneno machache yanamlazimisha kuchagua, na kuchagua ndiko kufikiri. Hili naliweka la kwanza kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

Pili, kila mtahiniwa aitwe kuitetea kazi yake kwa mdomo kwa dakika 20 mbele ya wahadhiri wawili, ana kwa ana kwa aliye karibu na kwa video kwa aliye mbali. Nimesikia ikisemwa kwamba hamna muda. Watahiniwa 40 kwa dakika 20 ni dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20. Hizo ni siku mbili za kazi kwa wahadhiri wawili, tena mara moja kwa mwaka. Katika dakika hizo 20 mtajua mambo ambayo hakuna programu itakayowaambia. Aliyeandikiwa hawezi kueleza kwa nini alilitupa daftari la sita akachukua la tano, au kwa nini hoja ya ukurasa wa nne inapingana na ya ukurasa wa saba. Aliyeandika mwenyewe atawaeleza, na huenda akawaonesha kosa ambalo nanyi hamkuliona.

Naomba pia utetezi huo uruhusiwe kufanyika kwa Kiswahili kwa anayetaka. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ikiwa mtu anaweza kushtakiwa, kujitetea na kuhukumiwa kwa Kiswahili, anaweza pia kueleza kwa Kiswahili jinsi watoto wake wanavyojifunza.

Tatu, asitiwe hatiani mtu yeyote kwa asilimia ya programu peke yake. Mashaka yakitokea, aitwe, asikilizwe, aoneshe rasimu zake na kumbukumbu zake. Walimu ambao tayari wameandikiwa barua za tuhuma kwa ushahidi huo pekee warudishiwe haki ya kusikilizwa kabla ya muhula ujao kuanza. Hawa ni watu wenye majina kazini. Tuhuma moja ya udanganyifu inamfuata mwalimu hadi ofisi ya Afisa Elimu.

Nne, toeni mwongozo wa akili unde unaosema wazi kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Kuikataza kwa sentensi moja huku wahadhiri wengine wakiitumia kuandaa slaidi kunatuacha tukikisia. Mtu aliyeitumia kusahihisha sarufi ya Kiingereza aseme hivyo katika ukurasa wa mwisho, na asiadhibiwe kwa ukweli wake.

Tano, nywila ya maktaba ifanye kazi popote mwanafunzi alipo, na mtandao ukikatika kwa sababu zinazojulikana na nchi nzima muda uongezwe bila mtu kuandika barua ya kuomba. Mwongozo wa usahihishaji tupewe pamoja na maswali. Matokeo yaje na ukurasa mmoja wa maoni.

Msione ninadai makubwa kwa mtihani mmoja tu. Fikirieni wanaoufanya ni nani. Kati ya tunaosoma uzamili huu wapo wakuu wa shule, maafisa elimu kata, wathibiti ubora na wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Wengine mtawakuta baada ya miaka michache wakitunga mitihani ya taifa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa Februari 2025, na utekelezaji wake uko mikononi mwa watu hawahawa. Mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa, na hupima kama alivyopimwa. Mkitupima kwa kukariri tutakwenda kuwapima watoto kwa kukariri, na yule mtoto wa Kidato cha Kwanza ataendelea kupata tiki kwa fasili asiyoielewa, mwalimu wake akiwa na shahada yenu ukutani.

Kikao chenu kinakaribia. Kabla ya kupiga kura, iagizeni Idara iwaletee karatasi ya mtihani uliopita, muisome swali kwa swali, na kwa kila swali mjiulize kama linahitaji mwalimu au linahitaji noti tu. Kisha waiteni walimu watatu waliofanya mtihani huo, mmoja wao awe amefeli, mmoja awe ametuhumiwa. Wasikilizeni mbele ya wajumbe wote. Mkishawasikia, amueni, nasi tutauheshimu uamuzi wenu.

Wenu katika kazi ya elimu,
Mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wa Uzamili wa Elimu